Kasha la Babu Yako Forodhani

Asubuhi moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Ni asubuhi nguo za babu yako zilipoletwa hapa Temeke kwa mkokoteni, zikiwa ndani ya kasha lenye lakiri nyekundu ya serikali, na makarani wawili wa forodha wakitembea nyuma yake kimya kimya. Majirani walitoka kutazama. Wengine walidhani ni maiti, na mimi siwalaumu, kwa sababu mwenyewe hatukumzika sisi.

Nimeikumbuka tena tangu ulipokuja juzi kuniambia umepata kazi bandarini, kwenye ukaguzi wa nguo zinazoingia kutoka nje. Ulipoondoka nilicheka peke yangu. Ulikuwa umenieleza kwamba siku hizi kila nguo ina namba yake, shati la pamba namba hii, gauni la sufi namba ile, na ukikosea namba mtu analipa asichostahili kulipa au serikali inakosa haki yake. Ulinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, nikakuacha umalize. Mambo hayo nimeyajua kabla baba yako hajazaliwa. Tofauti yetu ni kwamba wewe umeyasoma chuoni, mimi yalinikuta nyumbani nimekaa mkekani.

Babu yako Salumu hukumwona, na hata baba yako hakumwona. Alikuwa mchochea makaa kwenye meli za mizigo, kazi ya kushinda chini kabisa ya meli mbele ya moto, akitoka huko macho mekundu na weusi umemganda kwenye kucha. Alikuwa mcheshi. Kila aliporudi alikuja na habari za bandari za watu, nusu kweli nusu chumvi, na mimi nilijua pa kuamini na pa kucheka. Tulipata mtoto wa kwanza, binti, akatutoka kabla hajatimiza siku arobaini. Baada ya hapo Salumu alipunguza maneno. Safari yake ya mwisho aliniacha na mimba ya baba yako, ingali changa, na hakuitaja hata mara moja. Aliniaga, akaniambia nile vizuri, akaenda zake. Nilielewa kwamba ameogopa kutumaini tena, lakini moyoni nilimnung'unikia. Nilitaka anishike mkono aseme neno moja tu juu ya mtoto.

Hakurudi. Homa ilimkamata melini, wakamteremsha Adeni, akafia hospitali. Waislamu wa kule wakamwosha, wakamswalia, wakamzika. Mungu awalipe, maana simjui hata mmoja wao. Habari zilitufikia tumbo langu limeshakuwa kubwa. Nikawekwa eda kwa mama mkwe wangu, Bi Fatuma, nyumba ileile ambayo baadaye ulikuja kuchezea uani mwake. Nguo nyeupe tupu mwilini, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kutoka nje, na mwanamume ambaye si maharimu yangu akija anakaa upande wa pili wa pazia. Mjane mwenye mimba eda yake humalizika anapojifungua, kwa hiyo nilikuwa nasubiri mambo mawili yafike pamoja.

Kisha ikaja habari kwamba kasha lake limefika bandarini. Usione ajabu bibi yako alivyolishikilia kasha la nguo za mtu mzima aliyekwisha kufa. Kaburi lake lilikuwa ng'ambo, nisingeliona maisha yangu yote. Lakini ndani ya kasha lile nilijua kuna kikoi chake cha nyumbani, kimefuliwa mpaka kimekuwa laini kama pamba ya mto. Sisi watu wa pwani mtoto mchanga hatumpokei kwa nguo mpya inayomkwaruza. Anapokewa kwa nguo kuukuu ya nyumbani, iliyokwisha kuzoea miili ya watu wake. Nilitaka baba yako apokewe kwa kikoi cha baba yake. Yule ambaye hatamwona baba, basi angalau nguo ya baba imguse. Hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka wakati ule, na siku zangu za kujifungua zilikuwa karibu.

Aliyekwenda kufuatilia ni shemeji yangu Rajabu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa na minazi yake kule Chamazi. Alikuwa mtu mwema sana, ila hasira zake zilikuwa zinatangulia kufika mahali kabla yake mwenyewe. Alitoka asubuhi akarudi jioni mikono mitupu, akakaa nje ya pazia, akaanza kusimulia huku anapumua kwa nguvu.

Sheria yenyewe, mwanangu, haikuwa mbaya. Nguo za marehemu alizokuwa akizitumia, zikienda kwa mrithi wake na si kwa kuuzwa, zilipita bila ushuru. Nguo mpya zililipiwa. Na katika mpya nazo kulikuwa na daraja: kitambaa ambacho hakijashonwa kilikuwa na ushuru wake, na gauni lililokwisha kushonwa lilikuwa na wake, mkubwa zaidi. Sasa karani aliyelifungua kasha la Salumu alikuwa kijana mmoja aitwaye Yohana, kutoka Mpwapwa, msomi wa misheni, mwandiko mzuri, suruali imepigwa pasi ikanyooka. Alipoinua kifuniko alikuta juu kabisa magauni mapya ya kike, moja jekundu, na chini yake kitambaa cha hariri kimekunjwa. Mabaharia wengi wakati ule walikuwa wakija na nguo wakauza mitaani Kariakoo. Yohana alitazama yale magauni, akafunga kifuniko, akaandika kasha zima kuwa nguo mpya za biashara. Kasha lote lilipiwe, au lote libaki bandarini, na likikaa muda wake liuzwe mnadani.

"Kiasi alichokitaja," shemeji alisema, "hata nikiangusha nazi zote za Chamazi leo hii hakitoshi."

Mama mkwe akauliza, "Hukumwambia kuwa mwenyewe amekufa?"

"Nimemwambia. Tena kanionea huruma, mama. Kanipa na ushauri."

"Ushauri gani?"

Nilimsikia akijikuna kichwa. "Anasema nguo ikishavaliwa si mpya tena. Anasema mjane aende pale bandarini, ayavae yale magauni mbele yake, kisha ataandika kuwa yametumika."

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kupayuka, lakini pale alisimama. Mjane wa mwanawe, tumbo mbele, yumo kwenye eda, aende kati ya makuli na mabaharia akavae gauni jekundu. Alisema maneno juu ya yule kijana ambayo sitayarudia, kwa sababu baadaye alimpenda na kumpikia. Yohana hakuwa na nia mbaya. Kwao hakuna eda, hakuna aliyekuwa amemweleza, na yeye aliona amemfungulia mjane mlango. Mimi kwa kweli nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba, halafu kicheko kikageuka kilio. Niliona kikoi kinakwenda mnadani na magauni ambayo hata sikuyaomba.

Hapo shemeji akasogea karibu na pazia akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, mie nakwenda tena kesho. Wakiuliza, nitasema yale magauni ni yako ya zamani, ulimpa marehemu akupelekee kwa fundi wa Adeni ayapunguze. Na wewe ukiulizwa useme hivyohivyo. Nani atabisha?"

Sikukataa, mwanangu, na sikukubali. Nilikuwa nafikiria kikoi.

Kesho yake shemeji alikwenda na maneno yake tayari mdomoni, lakini hakupata nafasi ya kuyatoa. Alimkuta Yohana amekaa na karani mkubwa wa ukaguzi, Mzee Feruzi, mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yohana mwenyewe ndiye aliyemsimulia mzee, tena kwa kujisifu kidogo, kwamba ametoa ushauri mzuri na watu wamekasirika. Mzee Feruzi akasimama. Aliomba kasha lifunguliwe. Akayaweka magauni pembeni, akaweka hariri pembeni, akaingiza mkono mpaka kwapani, akavuta kitu kutoka chini kabisa. Ilikuwa kanzu ya marehemu, imetiwa kiraka kwapani na kushonwa upya kwenye kola. Akampa Yohana aishike.

"Bidhaa ya kuuza inatiwa viraka na nani?" alimuuliza.

Yohana akaigeuza ile kanzu, akakitazama kiraka.

"Umetazama juu ya kasha, ukamhukumu mtu mpaka chini," mzee alimwambia. "Humu mna nguo za namna tatu au nne, na wewe umezipa jina moja kwa sababu ni rahisi kuandika. Kisha umemtuma mjane akavunje eda yake ili makosa yako yanyooke. Twende ukamwone huyo unayemwandika."

Shemeji alitusimulia haya mara nyingi mpaka nikayajua kwa moyo, pamoja na jinsi Yohana alivyoikunja ile kanzu kwa adabu na kuirudisha. Lakini Mzee Feruzi alimgeukia na shemeji pia. Alimwambia kwamba sheria inataka mrithi mwenyewe aseme ni zipi nguo alizotumia marehemu, na kwa kuwa mrithi hawezi kutoka, yeye atamwomba mkuu wake Mzungu ruhusa, kasha lipelekwe nyumbani kwake chini ya lakiri na likaguliwe huko. Shemeji akarudi hana hakika kama afurahi au aogope. Jambo la fundi wa Adeni hakulitaja tena, nami nikadhani limekwisha.

Ndiyo hiyo asubuhi niliyokuambia. Hamali aliuegesha mkokoteni mbele ya nyumba, wakaliingiza kasha ukumbini. Mama mkwe alitundika kanga mbili kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi nikakaa ndani, yeye pembeni yangu, wanaume nje. Nilisikia sauti nzito isiyo na haraka ikibisha hodi, ikitusalimu, ikitupa pole na kumwombea marehemu. Na nyuma yake sauti nyembamba ya kijana ikisema, "Shikamoo mama," na mama mkwe akiitikia marahaba kwa kinyongo.

Kisha Mzee Feruzi akasema nami kupitia pazia. "Binti, hapa tutatoa nguo moja baada ya moja. Mama ataipokea atakupa. Ukiijua utaniambia, usipoijua utaniambia. Hakuna jibu ninalolitafuta. Mie nimekuja kusikia."

Lakiri ikavunjwa. Nguo ya kwanza kupita chini ya pazia ilikuwa kaptura yake ya kazini, imetobolewa na cheche kwenye paja. Nikasema, "Yake. Hili tundu alikuja nalo safari ya mwaka juzi, akakataa nisilizibe, akasema linampa upepo." Nje nilisikia mtu akicheka kidogo kisha akajizuia. Nadhani alikuwa Yohana.

Ikaja fulana. Yake. Ikaja kanzu ile yenye kiraka. Yake, na mkono uliotia kiraka ni wangu. Kofia yake, kitambaa chake cha kujifutia, shuka. Kila moja niliitolea neno, na kadiri nilivyosema ndivyo Salumu alivyorudi chumbani kidogo kidogo. Mama mkwe alikuwa analia bila sauti, kila nguo anaigusisha shavuni kabla ya kunipa. Kikaja kikoi. Hicho sikuweza kukisemea. Mzee Feruzi akasubiri. Mama mkwe ndiye aliyejibu, "Hicho ni chake, bwana, tangu hajaoa." Nikakiweka mapajani nikakishika.

Likaja koti zito la sufi ambalo sijapata kuliona. Shemeji akakohoa kule nje, kikohozi cha kunisukuma. Nikasema, "Hili silijui. Huenda alilinunua huko kwenye baridi." Nilidhani nimelipoteza. Mzee Feruzi akaomba alirudishiwe, akakaa nalo kidogo, akasema, "Yohana, tazama kola. Jasho la mtu hili. Andika limetumika. Kutolijua kwake si hoja." Hapo, mwanangu, nikaelewa kwamba yule mzee hakuwa anatafuta mahali pa kuninasa. Ukweli wangu ulikuwa unapewa mtu anayejua kuutumia.

Magauni yakapita. Niliyashika kwa sababu ni yeye aliyeyashika, nikayaona kiuno kimeachwa kipana, nikajua alinifikiria na tumbo langu. Lakini yalikuwa mapya, uzi wa fundi bado haujakatwa. Nikasema ni mapya. Hariri nikasema ni mpya. Kikohozi cha shemeji kikazidi.

Kisha mama mkwe akapokea kifurushi kidogo, akakifungua. Akanipa. Zilikuwa nguo za mtoto mchanga. Kofia ya sufi, soksi ambazo hazijazi hata dole gumba langu, kigauni cheupe chenye utepe.

Kwetu hatumnunulii mtoto kabla hajaja, na Salumu alilijua hilo, na baada ya yule wa kwanza aliliogopa zaidi kuliko mtu yeyote. Kumbe mtu aliyeshindwa kuitaja mimba yangu alikuwa ameingia duka la watu, na mikono yake ile, akachagua soksi. Neno lake nililolingoja nilikuwa nimelishika. Nilimnung'unikia bure miezi yote ile.

Nje shemeji hakuweza kuvumilia. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hizo si za yule mtoto wa kwanza, shemeji? Marehemu alikuwa anatembea nazo kwa ukumbusho. Si ndivyo?"

Nisikilize vizuri hapa. Alikuwa ananipa zile nguo. Nilichotakiwa ni kuitikia ndiyo, nazo zingebaki mkononi mwangu, na mle ndani hakukuwa na mtu wa kunibishia. Na nilizitaka. Niwe mkweli kwako, nilizitaka kuliko nilivyokitaka kikoi.

Mzee Feruzi akasema, "Bwana Rajabu, nakuheshimu. Lakini nimekuja kumsikia huyu." Kisha akanyamaza. Hakuniuliza mara ya pili, hakunihimiza, hakunitisha kwa sheria. Aliniachia ule ukimya nikae nao peke yangu.

Nikasema, "Binti yangu hakuvaa nguo ya dukani maisha yake. Alivaa vipande vya kanga yangu, na nilivifua mwenyewe alipokufa. Hizi ni mpya. Zimenunuliwa kwa ajili ya huyu aliyemo tumboni, na mimi nimejua sasa hivi."

Baadaye shemeji alinisimulia kwamba Mzee Feruzi alivua miwani yake akaifuta. Akasema taratibu, "Yohana, za mtoto ziandike peke yake. Usizichanganye na magauni."

Wakapanga mafungu ukumbini. Zilizotumika zikabaki nyumbani papo hapo, kikoi kikiwa bado mapajani mwangu. Magauni fungu lake, hariri fungu lake, za mtoto fungu lake, zikarudi bandarini. Mzee akatueleza kwamba zikitengwa hivyo tunaweza kulipia tunachotaka na kuacha tusichokiweza, na kwamba fungu la mtoto ni dogo. Kisha akalisogelea pazia akasema, "Binti, nakushukuru." Nikaona ajabu karani wa serikali kumshukuru mjane asiyempa kitu. Nikamjibu kwamba mimi ndiye wa kushukuru. Hakufafanua, akaaga.

Shemeji Rajabu alinisusia kwa siku chache. Kisha akaja na kifurushi kile, amekilipia kwa nazi zake, akakipitisha chini ya pazia bila salamu. Alikaa nje kitambo akasema, "Mie nisingeweza kusema vile." Mungu amrehemu shemeji yangu, alinipenda kwa njia zake. Magauni na hariri tuliyaacha yaende mnadani, na sijayajutia. Baba yako akazaliwa siku chache baadaye, akapokewa kwa kikoi, akavishwa soksi zilizomtosha kwa muda mfupi sana maana alikuwa na miguu mikubwa tangu siku ile.

Miaka mingi ikapita. Yohana alikuwa akija mara mojamoja kutusalimu, na mama mkwe alimpikia wali wa nazi mpaka mwenyewe alipoondoka duniani. Siku moja Yohana alikuja kutuambia kwamba Mzee Feruzi amefariki. Tukakaa tukimkumbuka, na ndipo akanieleza jambo ambalo mzee alimkataza kulisema akiwa hai.

Mkuu wao Mzungu mwanzoni alikataa kasha litolewe bandarini. Alisema wajane hudanganya, na kwamba likienda nyumbani kila nguo itarudi imekuwa kuukuu. Mzee Feruzi akamwambia, nitakwenda mwenyewe, na mjane akisema uongo mmoja, kasha lote lirudi na kosa liandikwe kwenye kazi yangu. Kwa sharti hilo mkuu akakubali. Mzee alikuwa amebakiza muda mfupi apate malipo yake ya uzeeni, na kosa kama hilo lingemnyima. Na zile nguo za mtoto alikwisha kuziona pale bandarini, shemeji alipokwisha kuondoka, alipokuwa akilifunga kasha. Karatasi za duka zilikuwa zimejaa ndani ya soksi, akazitoa mwenyewe, Yohana akimtazama. Alijua ni mpya kabla hajanipa nizishike.

Nilimuuliza Yohana, "Kwa nini asinionye? Neno moja tu."

"Nilimuuliza hivyohivyo njiani tukirudi," Yohana akasema. "Akaniambia, ningemwonya angesema kweli kwa kuniogopa. Nilitaka aiseme akiwa huru, ili hata mkuu wetu asiweze kuigusa."

Wakati mimi nimekaa nyuma ya kanga nikipima soksi moyoni, mzee nisiyemwona uso alikuwa amekaa upande wa pili na mkate wake wa uzeeni mapajani mwangu, na hakunung'unika wala hakunikumbusha. Nilikuwa nikidhani siku ile nilikuwa peke yangu na ukweli wangu. Hakuna siku maishani mwangu niliyokuwa na mtu karibu kuliko ile.

Kwa hiyo sikukuita uje nikufundishe namba za nguo. Hizo unazijua. Ninachokuomba ni kwamba ukikaa kwenye kiti chako kile usimpe mtu jina kwa kile kilicho juu ya kasha. Ingiza mkono. Nguo zikiwa za namna tatu, ziandike namna tatu, hata kama foleni ni ndefu na mkuu wako anatazama saa. Na ukimuuliza mtu jambo, mwachie nafasi ya kulijibu. Watu wengi wanauliza huku wameshika jibu mkononi, wengine wanauliza huku wameshika fimbo. Uliza, kisha nyamaza, kama mtu anayeamini kwamba mbele yake yuko mtu. Na haki ya serikali ichukue, usiione haya kuichukua. Mzee yule hakuniachia hata utepe usiostahili, na ndiyo sababu nilichobaki nacho kilikuwa changu kweli.

Ukikosea kama Yohana alivyokosea, rudi ulikotoka ukamwone uliyemwandika. Mtu anayekubali kurudi watu humpikia.

Mimi sasa nimebakiza kukushukuru wewe kwa kunisikiliza na kumshukuru Mungu kwamba nimeishi mpaka damu ya Salumu imekaa upande ule wa meza. Nakuombea riziki ya halali na macho yasiyochoka. Nakuombea usije ukafikwa na siku ya kumhitaji mtu kama Mzee Feruzi. Ukifikwa nayo, Mungu asikunyime. Na siku mjane wa watu atakapokaa nyuma ya pazia lake akimhitaji, Mungu akujaalie uwe ni wewe uliyebisha hodi.